Habari za kutisha na uchumi usiotabirika: tuulize zinatufikia kwa njia ipi

Ndugu wanajamvi,

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naona mijadala yetu mingi ya miezi ya karibuni inaishia mahali pamoja. Mtu analeta habari ya vita, ya ushuru mpya, ya benki iliyotetereka au ya sarafu iliyoporomoka. Wachangiaji wanagawanyika kati ya wanaosema dunia imekwisha na wanaosema hizo ni propaganda. Na msomaji aliyekuja akitaka kujua afanye nini na akiba yake, kazi yake au mkopo wake anaondoka na hofu ileile aliyokuja nayo, ikiwa imeongezeka. Hofu hiyo siidharau hata kidogo, kwa sababu anayelea familia kwa kipato kimoja ana kila sababu ya kukosa usingizi anaposikia kwamba ajira zinapungua. Ninachotaka kukijenga hapa ni hoja moja tu. Swali la "nini kitatokea" halina mwenye jibu, na tukilishikilia tutaendelea kuzunguka palepale. Swali linalojibika ni hili: jambo hili likitokea, litanifikia kwa njia ipi, na baada ya muda gani?

Nianze na sababu ya kusema kwamba swali la kwanza halina mwenye jibu. Mwaka 1921 mwanauchumi wa Marekani, Frank Knight, alitenganisha hali mbili ambazo sisi huzichanganya kila siku. Ipo hatari inayopimika: kampuni ya bima haijui ni nyumba ipi itaungua mwaka huu, lakini kwa kuangalia kumbukumbu za maelfu ya nyumba inaweza kukadiria ni ngapi zitaungua, na ndiyo maana inatoza ada, inalipa fidia na bado inabaki na faida. Yapo pia mashaka yasiyopimika, ambapo hakuna kumbukumbu za kuhesabia kwa kuwa matukio ya aina hiyo ni machache mno na kila moja lina sura yake. Mwanauchumi wa Uingereza, John Maynard Keynes, alilirudia jambo hili mwaka 1937, akitoa mifano ya uwezekano wa vita Ulaya na ya kiwango cha riba miaka ishirini mbele, na akaeleza kwamba katika mambo ya namna hiyo hakuna msingi wowote wa kisayansi wa kukokotoa uwezekano. Vita vilizuka miaka miwili baadaye. Waliosoma magazeti ya wakati ule hawakuwa wajinga kwa kutokujua. Walikuwa wakitazama jambo ambalo lilikuwa bado halijaamuliwa, kama ambavyo sisi leo tunatazama mambo ambayo bado hayajaamuliwa na watu wenye uwezo wa kuyaamua.

Wataalamu nao hawako nje ya mpaka huo. Prakash Loungani, wakati huo mchumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa, alipochunguza rekodi ya utabiri wa wachumi alikuta kwamba kati ya midororo ya uchumi 60 iliyotokea duniani katika miaka ya 1990, ni miwili tu iliyotabiriwa mwaka mmoja kabla. Sitaji hili ili tuwadharau wachumi, kwa maana ndio waliotupa zana za kuelewa namna mambo yanavyoungana. Nalitaja kwa sababu kila siku tunakutana na mtu anayesema kwa uhakika kabisa kwamba mwezi fulani soko litaanguka au dola itakufa, na mara nyingi sentensi mbili mbele anauza kitu: kozi, sarafu ya kidijitali, kundi la kulipia, dhahabu. Uhakika wake ndio bidhaa yenyewe, na wakati wa sintofahamu bidhaa hiyo hupata wanunuzi wengi kwa sababu sisi wote tumechoka kutokujua.

Atakayesema kwamba angalau bei za vitu vikubwa kama mafuta hufuata mantiki iliyo wazi, namkumbusha tarehe 20 Aprili 2020. Siku ile mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa kupokelewa mwezi Mei ulifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Mwenye mkataba alikuwa akimlipa mtu ili amwondolee mafuta. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa ukizitazama kwa karibu: ugonjwa wa Uviko ulikuwa umesimamisha magari na ndege, matangi ya Cushing katika jimbo la Oklahoma, ambako mafuta ya mikataba hiyo hukabidhiwa, yalikuwa yakikaribia kujaa au yamekwisha kukodiwa na wengine, na mkataba wenyewe ulikuwa unaisha muda wake kesho yake, kwa hiyo aliyebaki nao angelazimika kupokea mapipa asiyokuwa na pa kuyaweka. Kila kipande cha maelezo hayo kilikuwa kinajulikana. Hata hivyo, walionunua wakiamini kwamba bei haiwezi kushuka chini ya sifuri walipoteza fedha zao.

Sasa nije kwenye swali linalojibika. Mwaka 2022 una mafunzo mengi kuliko mwaka mwingine wowote wa karibuni, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda.

Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, nchi hizo mbili zilikuwa zikitoa zaidi ya robo ya ngano yote iliyouzwa baina ya mataifa. Njia ya kwanza ya pigo ilikuwa dhahiri na kila mtu aliiona: bandari za Bahari Nyeusi zilifungwa, na fahirisi ya bei za vyakula (kipimo cha jumla cha bei hizo) ya Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, ilifikia rekodi mwezi Machi. Njia ya pili ilikuwa ya polepole. Gesi asilia ni malighafi ya mbolea za naitrojeni, na bei yake ilikuwa imeanza kupanda tangu mwaka 2021, hata viwanda kadhaa vya mbolea barani Ulaya vikapunguza uzalishaji. Mkulima aliyeshindwa kununua mbolea hakuonekana kwenye habari siku hiyo, bali upungufu wa mavuno yake ulijitokeza msimu mmoja baadaye, wakati kamera zilikuwa zimehamia kwingine. Njia ya tatu haikuanzia hata vitani. Benki kuu ya Marekani, ikipambana na mfumuko wa bei wa nchini mwake uliofika asilimia 9.1 mwezi Juni 2022, ilipandisha riba kutoka karibu sifuri mwezi Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 mwezi Julai 2023. Mitaji ilifuata riba hiyo, dola ikapata nguvu, sarafu nyingi zikadhoofika, na serikali zilizokuwa zimekopa kwa dola zikajikuta zinahitaji makusanyo makubwa zaidi ya kodi kulipa deni lilelile.

Tazameni kilichofuata. Mwishoni mwa mwaka 2022 fahirisi ile ya FAO ilikuwa imerudi karibu na ilipokuwa mwaka mmoja kabla. Lakini katika nchi nyingi familia hazikuona nafuu inayolingana na kushuka huko, kwa sababu bei ya dunia hutajwa kwa dola ilhali wao hununua kwa sarafu yao, na sarafu hiyo ilikuwa imepungua thamani. Halafu juu ya hapo kuna gharama za usafirishaji, riba za wafanyabiashara wanaoagiza kwa mkopo na shehena ya zamani iliyonunuliwa kwa bei ya juu. Aliyekuwa akifuatilia habari za mapigano tu, usiku na mchana, alikuwa akitazama mlango mmoja wakati pigo linaingia kwa mlango mwingine.

Jambo hili la muda linastahili mkazo. Tukio la baharini hupandisha ada ya bima ya meli mara moja, na bei ya mafuta hubadilika ndani ya wiki kadri shehena mpya zinavyochukua nafasi ya zile za zamani. Meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu kuanzia Novemba 2023, kampuni nyingi zilizielekeza meli zao kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, safari ikaongezeka kwa takribani siku kumi au zaidi; bidhaa hazikutoweka, zilichelewa na gharama ikapanda. Riba ya benki kuu huchukua muda mrefu zaidi, na wenye kuzisimamia benki hizo wenyewe husema athari yake kamili inaweza kuchukua mwaka mmoja hadi miwili kuonekana. Ajira mara nyingi huwa ya mwisho, kwa kuwa mwajiri huanza kwa kusitisha nafasi mpya, kisha hupunguza saa za ziada, na kupunguza watu hufuata baadaye. Mtu akijua mpangilio huu, habari moja inayotisha humwachia muda wa kujipanga ambao hakudhani kwamba anao.

Kuna kauli moja ninayoona inawaumiza watu bila sababu, nayo ni tangazo kwamba mfumuko wa bei umeshuka. Wengi huisikia kama ahadi kwamba bei zitashuka, na wasipoona hivyo huamini wamedanganywa. Chukueni kitu kinachouzwa kwa 100. Mfumuko ukiwa asilimia 10 mwaka wa kwanza, kitafika 110. Mwaka wa pili mfumuko ukashuka hadi asilimia 3, kitafika 113 na ushei. Takwimu imeshuka kweli na bei imepanda kweli, yote mawili kwa wakati mmoja. Nafuu ya mlaji hutegemea kama kipato chake kimepanda kuyafikia yale 113, na hilo hakuna takwimu ya taifa inayoweza kumjibu. Ni lazima achukue karatasi na kulinganisha kipato chake cha sasa na matumizi yake ya sasa. Natamani kila anayetangaza takwimu hiyo aongeze sentensi moja ya kulieleza hili, kwa kuwa imani ya wananchi kwa takwimu ikishapotea hairudi kirahisi.

Ipo njia nyingine ambayo pigo hutufikia, nayo ni sisi wenyewe. Jioni ya Alhamisi tarehe 13 Septemba 2007 ilitangazwa nchini Uingereza kwamba benki ya Northern Rock imeomba msaada wa dharura kutoka Benki Kuu ya nchi hiyo. Asubuhi yake misururu ya wateja ilijitokeza nje ya matawi, na tovuti ya benki ikazidiwa. Wapo waliowacheka watu wale kwa kuingiwa na taharuki, lakini angalieni kanuni iliyokuwepo: bima ya amana, yaani fidia kwa wateja benki ikianguka, wakati huo ililipa kikamilifu pauni 2,000 za mwanzo tu, na asilimia 90 ya pauni 33,000 zilizofuata. Mstaafu aliyeweka akiba yake yote pale hakuwa mjinga kupanga foleni. Kila mmoja alifanya jambo la busara kwa nafsi yake, na busara hizo zikijumlishwa zilikuwa zinaiangusha benki. Misururu ilianza kuisha baada ya serikali kutangaza, Jumatatu ya tarehe 17, kwamba itadhamini amana zote zilizopo, na mwezi Februari 2008 benki ikataifishwa. Douglas Diamond na Philip Dybvig walikuwa wameeleza kimahesabu tangu mwaka 1983 jinsi benki isiyo na kasoro nyingine inavyoweza kuangushwa na hofu pekee, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Miezi michache tu baada ya tuzo hiyo, mwezi Machi 2023, wateja wa Silicon Valley Bank, benki ya Marekani, walijaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi kwa simu na kompyuta, bila hata kupanga foleni.

Ndivyo ilivyo pia kwa kungoja. Anayeahirisha kujenga au kuajiri hadi hali ieleweke anajilinda, na siwezi kumlaumu. Wakiahirisha wote kwa pamoja, mauzo ya kila mmoja yanashuka, na mdororo waliouogopa unakuja kwa mikono yao wenyewe. Kwa hiyo namna serikali na benki kuu zinavyozungumza si mapambo. Ahadi iliyo wazi na inayoaminika inaweza kuzuia hasara ambayo mabilioni ya fedha baadaye hayataifidia, na ukimya au kauli zinazopingana hugharimu ajira za watu halisi.

NYONGEZA BAADA YA KUSOMA MICHANGO YENU

Ndugu mmoja ameandika kwamba haya yote ni nadharia, na kwamba mwenye kipato kidogo hana njia ya kujipanga hata akizijua njia zote za pigo. Hoja yake ni nzito na naikubali kwa sehemu kubwa. Asiyebakiwa na chochote mwisho wa mwezi haokolewi na maarifa, anaokolewa na sera: hifadhi ya jamii, bima ya amana, akiba ya nafaka, serikali iliyokopa kwa kiasi wakati wa neema. Sri Lanka, iliyositisha kulipa madeni yake ya nje tarehe 12 Aprili 2022, ilifika mwaka ule ikiwa imekwisha kupunguza kodi, imepoteza watalii, imewapiga wakulima marufuku ya ghafla ya mbolea za viwandani na imemaliza karibu akiba yake yote ya fedha za kigeni. Mafuta yalipanda bei kwa mataifa yote, lakini wananchi wake walilala kwenye foleni za vituo vya mafuta kwa siku kadhaa kwa sababu ya maamuzi yaliyofanywa kabla ya vita. Kwa hiyo kuijua njia ya pigo si jambo la mfukoni tu. Ndilo linalotuwezesha kumuuliza kiongozi swali mahususi, kwa mfano akiba ya fedha za kigeni inatosha miezi mingapi ya kuagiza bidhaa, au ni sehemu gani ya deni iliyo kwa dola na inaiva lini, badala ya kumuuliza kwa nini maisha ni magumu, swali ambalo atalijibu kwa hotuba.

Mwingine ameuliza afanye nini wiki hii, kwa kuwa ana akiba kidogo na mkopo. Simfahamu hali yake, kwa hiyo siwezi kumwelekeza, ila naweza kumweleza ninavyoyatenganisha maamuzi. Yapo yanayorudishika na yasiyorudishika. Kusitisha ununuzi mkubwa kwa miezi mitatu kunarudishika. Kuuza kiwanja kwa bei ya hasara, kuacha kazi, kuhamishia akiba yote katika mali moja uliyoisikia jana, hayo hayarudishiki. Habari inapokuwa mbichi, nafanya yale yanayorudishika tu. Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Trump alitangaza ushuru mpya kwa bidhaa za karibu nchi zote. Tarehe 9 akasitisha sehemu kubwa kwa siku 90, huku ule wa China ukipanda hadi asilimia 145. Tarehe 12 Mei ukakubaliwa kushushwa hadi 30. Aliyeuza hisa zake zote siku ya tatu ya taharuki alifunga hasara ambayo kabla ya hapo ilikuwa kwenye karatasi tu. Kuhusu mkopo, nimshauri asome mkataba wake leo, atafute kama riba ni ya kudumu au inabadilika, kwa kuwa hilo ndilo litakaloamua kama tangazo la benki kuu linamhusu au halimhusu. Na ajiulize kipato cha mwajiri wake kinatoka wapi hasa: kwa wateja wa nje, kwa bajeti ya serikali, au kwa bidhaa zinazoagizwa. Wafanyakazi wengi hawajawahi kujiuliza, na jibu lake lingewaambia habari zipi wazisome na zipi waziache zipite.

Kuhusu kusoma habari zenyewe, kuna kipimo maarufu cha mashaka ya sera za uchumi kilichobuniwa na Scott Baker, Nicholas Bloom na Steven Davis, ambacho msingi wake ni kuhesabu makala za magazeti zinazotaja uchumi, mashaka na sera kwa pamoja. Ni kipimo kizuri na kinatumika na watafiti wengi. Lakini maana yake ni kwamba mashaka tunayoyasoma na mashaka yanayopimwa vinatoka katika chanzo kimoja, na kusoma habari ileile mara kumi kwa waandishi kumi hakukuongezei ushahidi mara kumi. Mimi hutenga muda mmoja kwa siku, natafuta tarehe ya tukio, nani amelithibitisha na tamko lenyewe limesema nini, kisha nafunga.

Naomba sasa wenye kazi zao watusaidie. Walio katika uondoshaji wa mizigo bandarini, kilimo, ujenzi na utoaji wa mikopo, elezeni mishtuko ya mwaka 2022 iliwafikia kwa njia ipi, ilichukua miezi mingapi, na ni dalili gani ya mapema mliyoiona kazini kwenu kabla haijatangazwa popote. Tafadhali tajeni kazi na muda tu, bila majina ya watu wala ya kampuni.